Mulongwe: kitanda cha mto kina mwenyewe



Wiki hii tutembee Uvira, kando ya mto Mulongwe. Uvira ni mji mwembamba: magharibi milima ya Mitumba, mashariki ziwa Tanganyika, na katikati ndiyo nyumba. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira yote inashuka mlimani, inapita kati ya nyumba hizo na kuingia ziwani. Hata maji ya bomba ya REGIDESO yanatoka Mulongwe.

Simama darajani wakati wa kiangazi. Utaona mawe mengi na maji kidogo. Wamama wanafua na kuanika nguo juu ya mawe, wengine wanachota mchanga wa kuuza, watoto wanaoga. Mgeni anaweza kusema: nafasi yote hii, mbona haijengwi?

Katika Kifaransa cha masomo tunasema mto una kitanda, na watoto darasani wanacheka. Nawaambia kwamba unavyo viwili: kidogo cha kila siku, na kikubwa cha siku ya mvua kali. Kile kikubwa kikiwa kikavu, si kwamba hakina mwenyewe. Mwenyewe amesafiri, atarudi.

Alama zake zinaonekana. Ukichimba msingi wa nyumba na kukuta mawe laini ya mviringo, ujue mto ulikwisha kupita hapo. Ni maji yaliyoyasugua na kuyaviringisha. Mlimani maji yana mbio, yanabeba hata mawe makubwa. Yakifika kwenye tambarare mbio zinapungua, nayo yanatua mzigo. Hivyo kitanda kinajaa kidogo kidogo, na mto uliokosa nafasi unatafuta njia pembeni. Takataka zetu zinakijaza upesi zaidi.

Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ulitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba yakaharibika. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliokufa walipita 400.

Sisemi waliojenga kando ya mto ni wajinga. Mara nyingi kiwanja cha huko ndicho mfuko wa mjane unakiweza, na aliyekimbia vita hachagui sana. Lakini kuna yaliyo mikononi mwetu. Vikundi vyetu vipande mianzi na matete kwenye kingo. Tusichimbe mawe chini ya ukingo, maana ndiyo yanayoushika. Tusitupe takataka mtoni.

Na tuwafundishe watoto jambo moja: jua linaweza kuwaka Uvira huku mvua inanyesha mlimani. Maji yakigeuka ghafla kuwa ya udongo, au mawe yakisikika yakigongana upande wa juu, waache ndoo, waache nguo, wapande juu mbali na mto. Nguo zitanunuliwa nyingine.

Mama anayetafuta kiwanja asikitazame kiangazi peke yake. Arudi siku ya mvua, na awaulize wenyeji wa mtaa: mwaka 2020, maji yalifika wapi?