Meno Yaliyobaki

Nilipoingia maabara ya meno mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila kazi ilitufikia na kikaratasi chenye maneno machache: meno ya kuvua na kuvaa, taya la chini, magego. Basi. Hakuna mchoro, hakuna alama ya wapi kishikizo, ule mkono wa kukumbatia jino, kikae. Daktari alikuwa amekwisha kuchukua chapa ya kinywa, na mengine yote yaliachwa mikononi mwa mafundi ambao mgonjwa hawakuwahi kumtia machoni. Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa ya umma, hapa Dar es Salaam, na shida zake zilikuwa shida za nchi nzima wakati ule fedha za kigeni zilipoadimika.

Fundi mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Mzee, alijifunza kazi tangu enzi za mkoloni. Mikono ya aina ile sijaiona tena. Alichukua kipande cha waya wa chuma cha pua, akakikunja kwa koleo mara tatu nne, kikalikumbatia jino la plasta bila kuacha hata upenyo wa unywele. Umeme ukikatika, tulipika akriliki kwa jiko la mkaa uani, na ni yeye aliyenifundisha kuondoa kaa moja moja ili maji yasichemke upesi. Akriliki huja katika sehemu mbili, unga na majimaji. Ukizichanganya na kusubiri kidogo unapata donge kama la ugali, nalo ndilo linaloshindiliwa ndani ya kalibu. Yale majimaji huchemka kwenye digrii 100 na kidogo. Ukipandisha joto kwa pupa, bamba hujaa vitundu ndani. Kwa hiyo tulilishikilia joto kwenye digrii 70 na ushei kwa saa nyingi, kipimajoto kikining'inia kwa uzi, ndipo tukaacha maji yatokote.

Mabamba yale yalipendeza kweli. Yalikuwa laini, ya rangi ya waridi, na ukiyatazama juu ya modeli ungesema yameota hapo. Shida yake haikuonekana maabara. Ilionekana baada ya miaka miwili mitatu, mgonjwa yuleyule aliporudi.

Bamba la akriliki lisilo na egemeo, yaani kitu cha kulibeba juu ya meno ya asili, hulala juu ya ufizi mtupu. Kila mtu atafunapo, linadidimia. Kingo zake, zilizokatwa kufuata shingo za meno, hukwangua ufizi. Chakula hujikusanya pale, ufizi hurudi chini, mizizi ikabaki wazi. Jino lililokuwa imara linaanza kucheza, linang'olewa, na bamba linaletwa kwetu: ongezeni jino moja. Niliwahi kushika bamba lililokuwa limeongezwa meno mpaka umbo lake la kwanza likawa kipande kidogo katikati. Hakuna aliyeuliza kwa nini meno yale yaling'oka. Ilichukuliwa kwamba aliyekwisha kuanza kupoteza meno atayamaliza yote. Siku hizi nayaona tena mabamba ya namna hiyo, ya nailoni laini, yanauzwa ghali kwa sababu hayaonyeshi chuma, na mengi hayana egemeo hata moja. Inaniuma, maana jambo hili tulikwisha kulijua.

Tulilijua kwa sababu ya daktari mmoja kijana. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na wanafunzi wa kwanza walikuwa bado darasani. Huyu wetu alisomea Uingereza. Katika wiki yake ya kwanza alishuka maabara mwenyewe, jambo ambalo madaktari hawakuwa na mazoea nalo, amebeba sanduku la mbao. Akamwamkia Mzee, akafungua sanduku, akatoa kifaa alichokiita saveya.

Kwa macho ni kitu cha kawaida: mlingoti, mkono wa kulala, na kijiti kinachoshuka wima bila kuyumba. Chini yake kuna kimeza unachoweza kukiinamisha, na modeli ya plasta hufungwa juu yake. Jino lina tumbo, na chini ya tumbo lina kiuno. Ukiweka risasi ya penseli kwenye kile kijiti na kulizungusha jino likigusana nayo, risasi inachora mstari pale tumbo lilipojitokeza zaidi. Juu ya mstari ule, kishikizo hakishiki kitu. Chini yake, kinashika. Na kadiri unavyoshuka ndivyo kinavyoshika kwa nguvu zaidi, hadi nguvu inageuka kuwa madhara. Alikuwa na vijiti vyenye kisahani kidogo mwishoni, vya kupimia ncha ya kishikizo ishuke mpaka wapi: robo ya milimita kwa kishikizo cha kobalti na kromiamu kilichosubiwa, nusu milimita kwa waya uliokunjwa, kwa kuwa waya unapinda kwa urahisi zaidi. Mzee alikuwa akikisia kina hicho kwa jicho tangu ujana wake. Tulipoyapima meno aliyoyakisia, alikuwa amekaribia mno, na daktari akasema hivyo mbele yetu sote.

Hata hivyo walipishana. Mzee alianza na vishikizo, maana ndivyo vinavyozuia meno yasianguke mgonjwa akipiga chafya. Daktari aliviacha hadi karibu na mwisho. Kwanza alichora matandiko, yaani sehemu za waridi zinazobeba meno ya bandia. Kisha maegemeo, vile vidole vifupi vya chuma vinavyokaa juu ya meno ya asili ili uzito wa kutafuna ushuke kwenye mizizi na wala si kwenye ufizi. Ndipo vishikizo, kila kimoja na mkono mwenzake wa upande wa pili, ili jino lisisukumwe upande mmoja wakati wa kuvaa. Mwisho kiungo kikuu, kinachounganisha kulia na kushoto.

"Daktari," Mzee alimwambia, "meno haya nimeyatengeneza kabla wewe hujazaliwa."

"Najua, Mzee wangu. Na mikono yako mimi siifikii. Ninachoomba ni kimoja: mimi nichore, wewe utengeneze. Kinywa nimekiona mimi."

"Na mchoro ukiwa mbaya?"

"Nirudishie. Usiutengeneze."

Mzee hakujibu. Ila kesho yake alikitoa kifaa sandukuni, akakiweka kwenye meza yake mwenyewe, pale dirishani penye mwanga.

Mgonjwa aliyetufundisha kuliko wote alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Tanga. Taya lake la chini lilikuwa na meno kumi ya mbele, hadi magego madogo, na nyuma, kulia na kushoto, hapakuwa na kitu. Tangu mwaka 1925 watu wa fani hii huyapanga mataya ya aina hii kwa mafungu manne ya Edward Kennedy, daktari wa New York. Unahitaji mpango, maana meno 16 ya taya moja yanaweza kupungua kwa namna zaidi ya 65,000. La mama yule lilikuwa fungu la kwanza: mapengo pande zote mbili, na nyuma ya mapengo hakuna jino la kushikia. Ndilo fungu gumu. Alikuwa na bamba la akriliki mkobani, na bamba hilo lilikuwa limekwisha kuongezwa meno.

Daktari alituita tupande juu tukamwone. Nadhani ndiyo mara ya kwanza fundi kuingia chumba kile kwa kazi. Mama alimtazama Mzee, akanitazama na mimi, akasema: "Wanangu, kila nikija hapa naondoka na jino pungufu. Haya kumi niachieni."

Nilichojifunza siku ile ni kwamba kinywa kina sakafu mbili zisizolingana. Jino zima ukilikandamiza hushuka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ufizi unaofunika taya unaweza kubonyea hadi milimita 2. Tandiko la nyuma likikaa juu ya ufizi huku mbele limefungwa kwenye jino, kila tonge linaligeuza kuwa mtaimbo, na jino la mwisho ndilo linalong'olewa polepole. Mtu akiweka egemeo upande wa nyuma wa jino lile, ncha ya kishikizo hupanda tandiko linapodidimia, inakamata tumbo la jino na kulivuta. Daktari alilihamisha egemeo likakaa upande wa mbele. Sasa tandiko likididimia, ncha inashuka kiunoni pamoja nalo na kuliachia jino. Ni tofauti ya milimita chache tu kwenye mchoro. Aliongeza maegemeo mengine mawili kwenye magego madogo yaliyo mbele zaidi, ili matandiko yasinyanyuke mama akila kashata au kitu kingine cha kunata. Kisha akachonga kitako kifupi, mfano wa bakuli la kijiko, juu ya kila jino la kubeba egemeo, kina cha milimita moja hivi, bila kupita ngozi ngumu ya jino.

Kiungo kilipimwa palepale. Alimwambia mama ainue ulimi uguse mdomo wa juu, akapima kutoka ukingo wa ufizi hadi sakafu ya kinywa. Ufito wa chuma unaopita nyuma ya meno ya chini unataka kimo cha milimita 4, na milimita 4 nyingine za kuuacha ufizi upumue. Isipofika 8, ufito haufai na itabidi bamba. Mama alikuwa nazo.

Chuma sisi hatukuwa na uwezo wa kukisubu. Mchanganyiko wa kobalti na kromiamu huyeyuka kwenye joto linalozidi digrii 1,300, tena hunywea kwa zaidi ya asilimia 2 ukipoa, hivyo kalibu yake lazima itengenezwe kwa udongo maalumu unaotanuka kufidia. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa 1983, na daktari akaituma modeli kwa basi kwa mtu wa Nairobi mwenye maabara yake binafsi. Mzee aliifunga kwa pamba na gazeti, halafu akaandika mwenyewe juu ya boksi kwamba mchoro usibadilishwe.

Fremu ya chuma ilirudi ikiwa nyembamba, inang'aa, nyepesi kiasi kwamba niliogopa kuishika. Mzee aliiweka juu ya modeli, akabonyeza egemeo moja moja kwa ncha ya penseli. Hakuna lililocheza. Vishikizo alivikunja yeye kwa waya, mikia yake ikazikwa ndani ya akriliki ya tandiko, na hapo ndipo ustadi wake wa zamani ulipopata mahali pake. Kabla ya akriliki, fremu ilirudishwa kinywani na chapa ya ufizi wa nyuma ikachukuliwa upya juu yake, kidole kikibonyeza maegemeo, si tandiko. Tuliikata sehemu ya nyuma ya modeli kwa msumeno na kuimwagia plasta mpya kufuata chapa ile. Kazi ya siku nzima, kwa tofauti ambayo jicho halikuiona. Meno ya bandia yenyewe yalipangwa membamba na machache kuliko ya asili, ili tonge lisilemee tandiko.

Baada ya hapo Mzee alianza kuvirudisha vikaratasi visivyo na mchoro. Hakugombana na mtu. Aliandika kwa kalamu nyekundu, "Maegemeo yako wapi?", akampa mhudumu avipandishe juu. Baadhi ya madaktari walikasirika, mmoja akamshtaki kwa uongozi. Aliitwa, akaenda na bamba lililoongezwa meno mkono mmoja na modeli ya mama wa Tanga mkono wa pili. Sijui alisema nini huko, ila vikaratasi vilianza kuja na michoro.

Mama yule niliendelea kumwona, akija kukaguliwa, hata baada ya Mzee kustaafu. Safari moja nilibonyeza tandiko la kulia kwa nyuma, na maegemeo ya mbele yakanyanyuka kutoka vitakoni. Mfupa wa taya usiobeba jino huendelea kusinyaa, na chini ya tandiko pakabaki uwazi. Daktari alichukua chapa ndani ya tandiko lenyewe, fremu ikiwa imekaa sawasawa juu ya meno, nami nikaujaza uwazi ule kwa akriliki mpya, kwa joto lilelile la taratibu. Jino moja alikuwa amelipoteza, la mbele, kwa kuoza, mbali na kishikizo chochote. Mengine tisa nilijaribu kuyatikisa moja moja kwa mpini wa kioo. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta linalocheza. "Hulipati," akasema, akaniomba fremu yake avae awahi basi.