Uchungu wa Msesewe

Tulipopokea kata ya mbege huko Uchagani, ulimi ulipambanua mambo mawili: kwanza utamu wa ndizi mbivu zilizochemshwa, kisha uchungu mwembamba uliokawia kooni. Uchungu huo hutoka katika gome la mti uitwao msesewe, litumiwalo pamoja na kimea cha ulezi. Wazungu huutafuta uchungu wa bia katika maua ya hopsi. Wachaga waliupata katika mti wa kwao. Elimu hii imo mikononi mwa akina mama wapikao. Hatumwiti mwanafunzi kilabuni. Twamwita aujue mti na amwulize bibi yake. Msesewe ukikatwa pasipo kupandwa mwingine, na mpikaji akifa pasipo kumfunza bintiye, utabaki utamu mtupu; na utamu mtupu si mbege.