Kadi Yenye Tarehe

Injini ya kwanza kufa kwa neno langu ilikuwa ya Peugeot 504. Mwenye gari alikuwa mzee wa Upanga, mtumishi wa serikali aliyestaafu, nami nilikuwa kijana wa gereji huko Gerezani, mwaka wa pili tangu nishike spana. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Petroli ilikuwa ya kuvizia, spea ndiyo usiseme, na tulikuwa tumezoea marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mzee alilitoa gari lake mara chache mno: hospitali, msibani, siku za Idi. Siku hiyo alikuja kuuliza kama wakati wa kumwaga oili umefika.

Nikachungulia kadi iliyofungwa kwa uzi chini ya usukani. Ilikuwa na kilomita za sevisi iliyopita na kilomita za sevisi ijayo, basi. Kwa kilomita hizo, gari lilikuwa na safari ya kilomita zaidi ya 3,000 mbele yake. Nikavuta kijiti cha kupimia: oili ilikuwa imepanda kidogo juu ya alama ya mwisho. Nikaona ni heri, kumbe injini haili oili! Nikamwambia, "Baba, bado sana. Usitupe hela yako." Nilisema kwa moyo mweupe, maana kopo la oili lilipatikana kwa kujuana na yeye aliishi kwa pensheni. Akanishukuru, akaondoka.

Alirudi baada ya masika, gari likivutwa kwa kamba. Injini ilikuwa ikigonga kama mtu anayetwanga. Fundi mkuu akashusha sampu, tukakuta uji mzito wenye rangi ya chai ya maziwa umeganda chini na kuziba wavu wa pampu ya oili. Beringi za kranki zilikuwa zimelika. Akaniambia nichote kwa kidole, ninuse. Ulinuka petroli.

"Hili tope limetembea kilomita ngapi?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Mzee wa Upanga alikaa juu ya tairi, kofia mikononi, asinilaumu hata kwa neno moja. Nilikwenda nalo nyumbani lile, la kutolaumiwa. Beringi za saizi yake hazikupatikana, na gari lile sikuliona tena barabarani.

Jioni hiyo fundi mkuu alinifundisha jambo ambalo nimelifanyia kazi miaka arobaini. Petroli ikiungua huzaa maji, na si kidogo: lita moja ya petroli hutoa maji karibu lita moja. Mengi hutoka na moshi kwenye eksozi. Lakini gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni, ikashuka hadi kwenye oili pamoja na petroli isiyoungua, na injini ikiwa baridi petroli hiyo huwa nyingi zaidi. Gari likienda safari ya maana, oili hupata moto, maji na petroli hupanda kama mvuke, vikavutwa na mpira wa kupumulia kurudi kuunguzwa. Gari likienda dukani na kurudi, oili haifiki kwenye joto hilo. Maji yanabaki. Yanakutana na masalia ya moshi, yanakuwa tindikali, na tindikali hiyo inatafuna beringi usiku na mchana, gari likiwa limezimwa, mwenyewe amelala. Ndiyo maana oili ya yule mzee ilipanda badala ya kupungua. Nilikuwa nimeshika ushahidi mkononi nikauita heri.

Nilipofungua gereji yangu Ilala, chini ya mwarobaini, magari yalikuwa yamebadilika. Toyota zilizotumika Japani zilijaa mji, na kila mtu alisema sevisi ni kilomita 5,000. Nilichapisha kadi zangu mwenyewe. Juu ya mistari ya kilomita niliongeza mstari wa tarehe: miezi sita kwa oili ya kawaida, mwaka mmoja usizidi kwa sintetiki, kipi kitangulie. Sikuvumbua chochote, vitabu vya watengenezaji vimeandika hivyo hivyo, kilomita na miezi pamoja. Ila kitabu kikija huwa cha Kijapani, tena mara nyingi hakiji kabisa.

Wateja walinibishia, na ubishi wao ulikuwa na akili. "Fundi, mbona oili dukani inakaa miaka kwenye kopo na haiharibiki?" Nikawajibu kwamba ya kwenye kopo haijaonja moto wala maji. Oili hutiwa dawa za kuua tindikali na kushika masizi, na ndani ya injini dawa ikishaanza kazi huwa inaisha, gari likitembea au lisitembee. Wengine walielewa. Wengine waliona fundi anatafuta pesa ya kula, na siwezi kuwalaumu, maana wenzetu wengi wamewafanya wateja wasituamini.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni magari ya Masaki na Mbezi, ambayo wenyewe wako ng'ambo na mlinzi ameagizwa awashe gari kila asubuhi dakika kumi. Mlinzi mwaminifu, hakosi siku. Gari linaunguruma palepale, mshale wa joto unafika katikati, analizima. Ule mshale ni wa maji ya rejeta. Oili bado iko nyuma, vuguvugu. Kila asubuhi injini inalishwa maji mapya na hakuna hata tone linalofukuzwa. Nimefungua vifuniko vya oili vya magari hayo nikakuta povu jeupe limeganda kwa ndani kama samli. Nikawaambia walinzi: kama huruhusiwi kulitoa barabarani, heri liache, chomoa betri tu. Wengine walicheka wakidhani natania.

Gari ninalolikumbuka kwa furaha ni Corolla 110 ya mama mmoja wa Magomeni, muuguzi mstaafu. Mwanawe alimwachia alipokwenda kufanya kazi Muscat. Mama hakupenda kuliendesha. Alikwenda nalo msibani na kliniki. Kwa mwaka halikufika kilomita 900. Lakini kila Januari na kila Julai alikuja, nikimwona namwambia, "Shikamoo mama," naye, "Marahaba mwanangu, tarehe yangu imefika." Hatukumwaga oili ikiwa baridi. Tulikwenda kwanza Kibaha, kiasi cha kilomita 40, yeye amekaa mbele na mkoba magotini akinisimulia wodi alizofanya kazi, kisha tunarudi gereji. Injini ikiwa moto nafungua nati ya sampu kwa spana namba 14, oili inatiririka nyembamba na uchafu wake wote. Filta mpya, lita tatu, basi. Oili chafu aliichukua seremala jirani kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Mwanawe aliporudi baada ya miaka tisa, alikuja na fundi wake kulikagua. Tukafungua kifuniko cha juu cha injini. Kamshafti ilikuwa na rangi ya asali, safi, bila tope hata kwenye pembe. Yule fundi alipitisha kidole, akakitazama, akampa mkono mama, kisha akanipa mimi. Nilimkumbuka mzee wa Upanga siku hiyo kwa uchungu uliochanganyika na shukrani, nikatoka nje kidogo.

Sasa magoti hayaniruhusu kuingia chini ya gari. Nakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, vijana wanafanya. Wiki iliyopita mmoja wao, ana miezi mitatu tu kwetu, alimaliza Vitz ya mhadhiri ambaye huiendesha Ijumaa tu. Akachukua kadi, akaandika kilomita za leo, akaandika na zijazo. Kalamu ikasimama. Nilikuwa namtazama, sikusema kitu.

"Mzee," akaniita, "leo tarehe ngapi?"