Dawa ya Mama Humfikia Mtoto

Sisi tuliofundisha watoto wa wenzetu miaka kumi tulidhani twajua mambo ya watoto. Siku alipozaliwa mtoto wetu wa pili tuliuona ujinga wetu.

Mama yake alishikwa na utungu tangu alfajiri. Jioni maumivu yakamzidi, akaomba dawa, naye muuguzi akamchoma sindano ya petidini. Mama akasinzia, nasi barazani tukashukuru. Muda wa saa mbili ulipopita mtoto akazaliwa, lakini hatukusikia kilio. Alikuwa mlegevu, wala hakuvuta pumzi ipasavyo. Mkunga akamkausha, akamsugua mgongo, akamtia hewa kwa mpira wa kupulizia, hata akalia. Kisha akauliza, “Sindano ilichomwa saa ngapi?” Hapakuwa na wa kumjibu: zamu ilikuwa imebadilika, na saa haikuandikwa.

Baadaye mkunga yule alitueleza. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Katika kondo la nyuma hupita jirani, zimetengwa kwa utando mwembamba. Chakula hupenya utando ule, na petidini hupenya vilevile, ikafuata kiungamwana mpaka kwa mtoto. Mama huipunguza mwilini mwake kwa saa chache; bali ini la mtoto mchanga halijakomaa, na mabaki ya dawa huweza kukaa naye siku kadhaa. Kwa hiyo huweza kupumua kwa shida na kuchelewa kunyonya. Akizaliwa muda wa saa mbili au tatu baada ya sindano, ndipo dawa humlemea zaidi. Basi tukafahamu kwa nini mkunga aliuliza saa.

Sisi walimu huwapa watoto alama. Siku ile mtoto wetu alipewa zake kabla hajajua herufi moja. Kipimo hicho kilitangazwa mwaka 1953 na Virginia Apgar wa New York, aliyekuwa daktari wa dawa za usingizi. Hutazamwa moyo, pumzi, nguvu za viungo, mwitikio na rangi, na alama kamili ni 10. Mtoto wetu alipata 4 katika dakika ya kwanza, na 8 katika dakika ya tano. Kunyonya vema hakuweza hata siku ya pili.

Hatusemi mama anyimwe dawa. Maumivu yale twaliyaona kwa macho yetu. Twasema hivi: aulize anapewa dawa gani, na saa yake iandikwe. Na kama amekunywa dawa yo yote nyumbani, hata ya mizizi, asimfiche mkunga.

Utungu wa mtoto wa tatu ulipofika, tulikwenda na penseli na daftari. Mama alichomwa sindano, nasi tukaandika saa. Mkunga alipouliza, tulimjibu mara moja.