Sheria ya Shambani na Utamu wa Mezani

Watu wengi hudhani ya kuwa kinywa cha mtu ndicho kichaguacho utamu aupendao. Sisi tufundishao watoto hesabu na jiografia twaona neno jingine: mara nyingi utamu huchaguliwa mbali na meza, katika baraza la kutunga sheria, naye mlaji hupokea tu. Habari za Marekani zatuonyesha jambo hili waziwazi.

Katika nchi ile mahindi husitawi sana, hasa katika majimbo ya Iowa na Illinois. Tangu mwaka 1933 serikali yao imewategemeza wakulima kwa fedha, na zamani iliwalipa hata ili wapunguze mashamba. Lakini katika miaka ya 1970 waziri wa kilimo, Earl Butz, aliwahimiza walime kwa wingi, na sheria ya mwaka 1973 iliwaahidi malipo kila bei ishukapo chini ya kiwango kilichowekwa. Mahindi yakajaa maghalani.

Sukari ilitendewa vingine. Mwaka 1982 serikali iliwekea kipimo sukari iingiayo kutoka nchi za nje, ili kuwalinda walimao miwa na viazisukari kwao. Kwa hiyo bei ya sukari Marekani ikawa, kwa miaka mingi, kubwa kuliko bei ya soko la ulimwengu, pengine mara mbili yake.

Basi tazameni: huku mahindi rahisi, huku sukari ghali. Tangu mwaka 1967 viwanda vilikuwa vikiuza shira tamu iliyofanywa kwa wanga wa mahindi kwa nguvu ya vimeng'enya. Shira hiyo huchanganyika upesi, nayo ilikuwa rahisi kuliko sukari. Mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi zikakubali nchini humo itumike badala ya sukari yote katika soda zao. Ikaingia hata katika mikate na mchuzi wa nyanya, wala mlaji hakuulizwa.

Ulaya walikuwa na maarifa yale yale, lakini sheria yao ilikuwa nyingine. Ili kuwalinda wakulima wa viazisukari, waliiwekea shira hiyo mpaka mdogo hata mwaka 2017. Kwa hiyo watu wa huko waliendelea kutumia sukari hasa.

Wala tusidhani ya kuwa shira ni sumu na sukari ni dawa. Zote mbili zina glukosi na fruktosi, na madhara yake hutoka katika wingi: meno kuoza, unene kupita kiasi, na ugonjwa wa kisukari.

Nasi hatukosi sehemu yetu katika habari hii. Katika Afrika ya Mashariki sukari ya nje huwekewa ushuru mkubwa ili kulinda viwanda vya miwa, hivyo bei dukani si kazi ya mwenye duka peke yake. Twawaona watoto wakija shuleni na chupa ya soda kwa senti ambazo zingenunua maharage au maziwa. Serikali hutengeneza bei, lakini mkono utoao senti ni wetu. Mchovya asali hachovyi mara moja. Basi na tuwafundishe watoto kupima utamu mapema, kabla hawajazoea kupimiwa na wengine.