Bao Huanza Kabla ya Kete ya Kwanza

Nilijifunza bao Kiabakari, miaka ya 1980. Mji wetu huo wa kando ya barabara ya Musoma na Mwanza ulikuwa bado ukitajwa kwa mgodi wake wa dhahabu, ingawa mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa tangu miaka ya 1960. Wazee waliowahi kuufanyia kazi walikuwepo, na ikifika jioni walikaa chini ya mti, bao katikati, watazamaji wamewazunguka wakitoa ushauri bila kuombwa. Nataka kusimulia jinsi mchezo huo ulivyobadilika mikononi mwangu: kutoka kucheza kila kete inavyokuja, hadi kuuandaa mchezo nyumbani, kuujaribu, kuupunguza hapa na kuuongeza pale, kabla sijakaa mbele ya mpinzani. Maandalizi hayo ndiyo yaliyonifundisha bao, na ndiyo ninayoona yanatoweka kwetu.

Sisi watoto hatukuwa na bao la kuchonga. Tulichimba mashimo ardhini, safu nne za mashimo manane, tukaokota kokoto zinazolingana ukubwa. Tulicheza lile linaloitwa bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, jumla kete 64, na kila mmoja anamiliki safu mbili za upande wake. Hakuna kete ya mkononi, hakuna nyumba. Unachota, unagawa, ukiangukia shimo lenye kete unaendelea, ukipata nafasi ya kula unakula. Tulikimbilia kula. Aliyekula nyingi katika mkupuo mmoja alishangiliwa, hata kama mkupuo wa pili ulimmaliza yeye mwenyewe. Hakuna aliyejiuliza kwa nini ameshinda. Tulifuta mashimo kwa mguu, tukaenda kuchota maji.

Mwaka 1985 Mwalimu Kambarage Nyerere alitoka madarakani, akarudi kuishi Butiama, jirani zetu kabisa. Mapenzi yake kwa bao yalijulikana nchi nzima, na picha zake akiwa ameinamia kete wengi wameziona. Kwetu lilikuwepo jambo la ziada. Wazee wa Mara husimulia kwamba Kambarage akiwa mtoto alicheza bao, ambalo Wazanaki huliita orusoro, na Mtemi Makongoro wa Ikizu aliyekuwa mgeni wa baba yake, Mtemi Burito. Mgeni aliona akili ya mtoto yule katika kete, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 Kambarage aliandikishwa Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Masimulizi haya yalitufanya watoto wa Kiabakari tuliheshimu bao kama tulivyoheshimu hesabu. Mzazi aliyemkuta mwanawe kwenye mashimo alifikiri mara mbili kabla ya kumfukuza.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja, babu kwetu kwa ujirani, aliyenipokea kwenye bao lake la mninga nilipokuwa darasa la sita. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Alinifunga haraka. Nilinyanyuka niwapishe wengine, akanishika mkono.

"Unaenda wapi, mjukuu wangu?"

"Umenifunga, babu."

"Najua nimekufunga. Nataka uniambie nimekufungia wapi."

Sikujua. Basi akaanza kuzirudisha kete mahali zilipokuwa, shimo kwa shimo, kinyumenyume, bila kubabaika, mpaka akafika pale nilipokula kete tano kwa furaha. Akaacha vidole vyake juu ya shimo moja la pembeni, kwenye kichwa, nililokuwa nimelimwaga ili nipate kula. "Hapa," akasema. "Ulikuwa na mlango, ukauuza kwa kete tano." Kuanzia jioni ile sikuondoka tena kwenye bao lake kabla ya kuzirudisha kete. Ndipo nilipoelewa kwamba mchezo uliokwisha una faida kuliko unaoendelea, kwa sababu uliokwisha unakubali kuulizwa maswali.

Babu yule ndiye aliyenifundisha bao lenyewe, lile la watu wazima, linaloanza kwa namu. Katika bao hili kila mchezaji huanza na kete 10 tu kwenye mashimo: sita katika nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia kwenye safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuelekea kulia. Kete 22 zilizobaki zinakaa mkononi, zikiingia moja moja kila zamu; hiyo ndiyo namu. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji, ambapo kila mtu anacheza kwa zile zilizomo mashimoni. Anayeishiwa kete safu yote ya mbele amefungwa, na kama amefungwa huku kete bado ziko mkononi, hilo hubaki midomoni mwa watazamaji kwa muda mrefu.

Tazama kete ya kwanza tu, uone kwa nini inastahili kufikiriwa nyumbani. Mwanzoni hakuna shimo lako lenye kete linalotazamana na shimo la mwenzako lenye kete. Anayeanza hawezi kula, analazimika kutakata, yaani kugawa bila kula. Tuseme anaongeza kete moja kwenye zile mbili zinazopakana na nyumba, ziwe tatu. Akizigawa kuelekea kushoto, moja inaingia nyumbani, zinakuwa saba, moja inapita, na ya mwisho inabaki peke yake mbele. Sasa zile mbili zilizopita zimesimama uso kwa uso na kete za mwenzake, moja ikiitazama nyumba yake ileile, na zamu ni ya mwenzake. Akizigawa kuelekea kulia, zinaingia pembeni, zinakata kona, na ya mwisho inatulia safu ya nyuma. Hapo mwenzake hana cha kula, naye analazimika kutakata. Mkono ni uleule, kete ni zilezile tatu, lakini njia moja inafungua vita na nyingine inaiahirisha. Mchezaji asiyejua tofauti hiyo kabla ya kukaa ataijua akiwa ameshaliwa.

Nikaanzisha daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa za mraba, na nilichora mashimo 32 kila ukurasa, nikaandika idadi ya kete ndani ya kila shimo. Upande wa kushoto niliandika nilivyoanza, wa kulia nilipofungwa au niliposhinda, na chini yake sababu. Kanuni niliyojiwekea ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Nikibadili mwanzo na pia namna ya kulinda nyumba, nikashinda, nitajuaje kilichonishindia? Kwa hiyo niliubakiza mwanzo uleule kwa muda, nikabadili tu wakati wa kusafiri. Anayekula, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumbani, ana hiari ya kulala hapo au kuzichota zote aende safari. Vijana wengi husafiri mapema kwa sababu safari inapendeza macho. Daftari lilinionyesha kwamba nilishinda zaidi nilipolala, nikaiacha nyumba inenepe mpaka mwenzangu alipoanza kuiogopa na kupindisha mchezo wake kwa ajili yake.

Lilinionyesha na jambo jingine lililoniumiza. Mipango iliyowafunga vijana wenzangu haikumfunga babu hata mara moja, kwa sababu ilitegemea mpinzani mwenye pupa. Nilikuwa nimetengeneza silaha za kuwashinda watu walewale. Tangu hapo kila mpango nilioubuni niliujaribu kwa mchezaji wa pupa, kwa mchezaji mwoga na kwa mchezaji mvumilivu. Uliowashinda wawili kati ya hao niliubakiza. Uliomshinda mmoja tu niliufuta, hata kama niliupenda.

Nilipohamia Dar es Salaam miaka ya 1990 nilikutana na wachezaji wa barazani, na kasi yao ilinishtua. Mwenyeji wa pwani hahesabu kwa kidole. Anaangalia, mkono unakwenda, kete zinalia mashimoni kwa mpigo mmoja, na kabla hujatambua amekula wapi, amekwisha kutoa mkono. Umahiri huo ulimvuta hata mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa bao Zanzibar na kutoa utafiti wake mwaka 1995. Mimi nilichojifunza barazani ni kwamba kasi yao haikuwa ya macho peke yake. Wazee wale walikuwa wamecheza mianzo ileile kwa miaka, wakiijadili kila jioni kwa mabishano makali. Baraza lote lilikuwa daftari lao. Aliyepatikana na kosa alirudishiwa kete mbele ya watu, na kesho yake hakurudia.

Mabadiliko makubwa zaidi yalinikuta Kampala, nilikokwenda kikazi. Waganda wanacheza omweso, mchezo ulioheshimiwa katika jumba la Kabaka. Ubao ni uleule, mashimo 32, kete 64. Tofauti yake iliniamsha usingizini: kabla ya kete ya kwanza kuchezwa, kila mchezaji anazipanga kete zake 32 katika mashimo yake 16 apendavyo. Hakuna nyumba iliyowekwa na mababu. Mwanzo unautengeneza wewe. Niliwahi kumwomba mwalimu wa hesabu anipigie idadi ya mipango inayowezekana kwa mchezaji mmoja, akaniletea jibu: zaidi ya bilioni 750. Ukisema utabahatisha, umekwisha.

Hapo daftari langu lilipata kazi mpya. Katika omweso unakula pale tu kete yako ya mwisho inapoangukia shimo la mbele lenye kete, na mashimo mawili ya mwenzako yanayolielekea, la mbele na la nyuma, yote yana kete. Kwa hiyo ukiacha shimo moja tupu katika kila jozi, huliki. Wageni wengi huanza na mpango huo wa kujifungia ndani, nami nilianza nao. Ni salama, ila hauumi. Kete zimesimama kama ukuta, halafu zamu ya kwanza ikifika lazima uzisogeze, na ukuta unafunguka mahali ambapo hukuchagua. Mpango wa kushambulia nao una gharama yake: unarundika kete mahali ambapo mchoto mmoja utazunguka ubao na kula, lakini ukikosea kuhesabu, lile rundo ndilo la kwanza kuliwa.

Kazi ya kuboresha iko katikati ya hayo mawili. Nilichukua mpango mmoja wa kushambulia, nikawa natoa kete moja kwenye rundo na kuihamishia pembeni, naujaribu, naandika. Kete moja tu ilitosha kubadili mahali ambapo mchoto wa kwanza uliishia, na mahali hapo palibadili mchezo mzima. Mipango mingi ilikufa. Michache iliyobaki niliijua kiasi kwamba nilipoona mwenzangu amepangaje, nilijua upi kati ya niliyonayo utamfaa. Waganda wana ushindi wanaouita emitwe ebiri, wa kukamata vichwa vyote viwili vya ubao wa mwenzako kwa zamu moja, na anayeupata ameshinda papo hapo. Mara ya kwanza kunitokea nilikuwa nimeuchora nyumbani siku zilizotangulia, na mpinzani wangu alinishika mkono kwa heshima.

Nimerudi Kiabakari. Wilaya sasa ni Butiama, iliyozaliwa mwaka 2012 kutoka Musoma Vijijini, na mahujaji wanafurika kwenye kituo cha Huruma ya Mungu. Vijana wa bodaboda wakisubiri abiria wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, wengine wanacheza karata, wengine wameinamia simu. Sina ugomvi na drafti. Ina mitego yake na ina mabingwa wake wa kweli. Hata bao lipo kwenye simu siku hizi, na kijana aliye mbali na wazee anaweza kujifunza kanuni zake usiku mmoja.

Kilichopungua ni ile kazi ya baada ya mchezo. Simu ikikufunga inakuuliza kama unataka kuanza upya, nawe unaanza upya. Kijiweni aliyefungwa anampisha anayefuata, kwa sababu foleni ni ndefu. Hakuna anayezirudisha kete na kuuliza "umefungiwa wapi". Kanuni za bao tunazo, mbao tunazo, na Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu ambako mtoto anaweza kwenda kusoma habari za mtu aliyelipenda. Lakini mianzo ya wazee wetu, namna zao za kulinda nyumba na mitego waliyoitengeneza kwa miaka chini ya mti, haikuandikwa popote. Babu wa ujirani alipofariki, mengi aliyoyajua yalikwenda naye. Niliyonayo mimi ni yale niliyowahi kuyachora.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote anayesoma haya na ana mzee anayejua bao, iwe Butiama, Bunda, Ukerewe au Unguja. Nunua daftari la kurasa za mraba. Mwamkie, kaa naye, mwombe akuonyeshe anavyoanza na kwa nini. Chora mashimo 32, andika kete zilivyokaa, andika na jina lake juu ya ukurasa. Kisha umpe mtoto daftari hilo aujaribu kila mwanzo uliomo, na pale atakapoona pa kuuboresha, aandike chini yake.