Bi harusi, tandaza nguo kabla ya kununua vito

Harusi ya Kihindi haikosi dhahabu. Wengi wetu wakazi wa Nairobi tumewahi kualikwa na majirani wa Ngara au Parklands, tukapakwa hina, tukala tukashiba, kisha tukarudi makwetu tukisifu jinsi bi harusi alivyometameta. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya kumetameta huko huwa kuna vikao, hesabu na hata machozi.

Mimi niliyashuhudia hayo jirani yangu, mama wa Kigujarati, aliponiomba niwasindikize yeye na bintiye kwa sonara. Binti alikuwa amekwisha kununua lehenga, ile sketi pana ndefu inayovaliwa na blauzi fupi pamoja na mtandio. Ilikuwa ya rangi ya waridi, imetariziwa kwa nyuzi za fedha. Sasa alitaka seti ya kundani, yaani vijiwe au vioo vilivyoshikizwa kwa utepe mwembamba wa dhahabu safi.

Bei ilipotajwa, mama alishusha pumzi. Binti akafungua kijaluba chenye bangili nne na mkufu wa nyanyake.

"Mama, hizi ni za kizamani. Tuziuze tuongezee," akasema.

Mama hakujibu, ila macho yalimlengalenga.

Sonara, mtu wa makamo, hakukimbilia mizani. Aliuliza, "Binti yangu, siku ya ndoa yenyewe utavaa nini?"

Kumbe lehenga ilikuwa ya karamu ya usiku! Kwenye ndoa, maharusi wengi wa Kigujarati huvaa panetari, sari nyeupe yenye pindo jekundu ambayo kwa desturi hutolewa na mjomba. Baadaye hutandwa gharchola, vazi lenye miraba ya nyuzi za dhahabu kutoka kwa wakwe. Mama alikuwa na panetari mkobani. Sonara akaitandaza, akaweka mkufu wa nyanya juu yake. Wekundu ule na dhahabu ile ya manjano vilipatana hata binti mwenyewe akanyamaza.

Kisha mzee akatupa darasa. Tazama kwanza shingo ya blauzi. Ikiwa imekatwa chini, mkufu unaoshika shingo unafaa. Ikiwa imefunga hadi juu, acha mkufu, vaa herini kubwa. Kifua kilichojaa tarizi hakihitaji vito vingi. Chagua kimoja kitangulie, ama mkufu, ama herini, ama tika ya kwenye paji la uso, na vingine vifuate kwa upole. Bakiza nafasi ya mangalsutra, mkufu wenye shanga nyeusi ambao bwana harusi humvika mkewe. Miguuni weka fedha, kwani Wahindu wengi hawavai dhahabu miguuni kwa kumheshimu Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri.

Beba nguo yenyewe dukani, usitegemee picha, na uitazame pamoja na vito nje kwenye mwanga wa jua. Kagua ndoano zisije zikanasa nyuzi. Herini zikiwa nzito, omba kijimkufu cha kuzishikiza kwenye nywele, usije ukaumwa na masikio karamu nzima.

Kuhusu kuuza, alisema kweli bila kuficha. Bangili zile zilikuwa za karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu tupu kati ya 24. Za siku hizi za kiwango hicho hupigwa muhuri wa 916. Ukiziuza, unalipwa uzito wa dhahabu. Jasho la fundi halihesabiwi. Nayo seti ya vioo ukitaka kuiuza kesho, vioo havina bei.

Hapo mama akapata sauti. "Zilikuwa sita," alimwambia bintiye. "Duka letu lilipofungwa, Ba aliuza mbili. Tulikula, na mimi nikamaliza shule."

Wahindu huiita mali ya namna hiyo stridhani, mali ya mwanamke mwenyewe. Si pambo tu. Ni ulinzi wake siku mambo yakimwendea mrama.

Binti aliolewa akiwa na bangili zote nne mikononi. Usiku, kwa ile lehenga ya waridi, alikodi seti ya kuiga, na sikumsikia mgeni yeyote akiulizia karati.

Mzazi unayeoza, na wewe binti unayeolewa, uwe Mhindi au la, tandazeni mavazi yote kitandani, mfungue na sanduku la nyanya, ndipo mwende dukani na orodha ya kile kinachopungua. Kinachohitajika kwa usiku mmoja kikodisheni. Kilichowahi kuilisha nyumba kiacheni kibaki nyumbani. Akiba haiozi.